Umeme wa Usiku na Namna ya Kuuweka

Hita ya akiba ni kabati la chuma lililojaa matofali. Kwa nje ni sanduku jembamba lililoegemezwa ukutani, linalofika usawa wa kiuno, lakini uzito wake hauendani na umbo lake: mafundi wanaoihamisha hutoa kwanza matofali, moja baada ya jingine, ndipo waliinue bati lililobaki. Matofali hayo si ya udongo. Hutengenezwa kwa oksidi ya chuma au kwa magnesaiti, vitu vizito visivyopasuka kwa moto, na katikati yake hupita waya wa kupasha. Umeme ukiwashwa waya huwaka, na matofali hunywa joto polepole kwa saa kadhaa hadi kufikia nyuzi 600 na zaidi. Tabaka nene la kuzuia joto huyazunguka pande zote, ndiyo maana bati la nje hubaki la vuguvugu tu.

Kiasi kinachowekwa si kidogo. Kilo moja ya tofali la namna hiyo huhitaji karibu kilojuli 0.9 ili ipande nyuzi moja. Kilo 140 zikipanda kutoka nyuzi 100 hadi 600 huwa zimebeba kilojuli 63,000, yaani uniti (kilowati-saa) 17.5. Kipashio cha kilowati 2.5 kikiwaka saa saba mfululizo hutumia uniti hizohizo 17.5. Kwa hiyo ukubwa wa kabati, wingi wa matofali na nguvu ya waya vyote hupimwa kwa saa saba za usiku.

Asubuhi umeme hukatwa na kazi ya matofali huanza. Joto huvuja taratibu na kupasha chumba mchana kutwa. Jioni, watu wanaporudi nyumbani, kilango cha juu hufunguliwa ili hewa ipite katikati ya matofali na kutoka ikiwa ya moto. Mitambo ya kawaida ina vitufe viwili vya kuzungusha: kimoja huamua kiasi cha joto la kuweka usiku, kingine huamua kasi ya kulitoa. Udhaifu wake upo hapohapo. Mwenye nyumba analazimika kukisia leo usiku baridi ya kesho, na hata akikisia vizuri, joto huendelea kuvuja iwe anataka au hataki. Wengi hukuta kabati limepoa saa mbili usiku, wakati ndipo wanapolihitaji.

Chombo chenye kasoro kama hiyo kilipendwa kwa sababu ya bei. Uingereza ilikuwa na mitambo mikubwa ya makaa ya mawe, na baadaye ya nyuklia, ambayo haizimwi jioni na kuwashwa alfajiri kama taa. Usiku wa manane viwanda vimelala, watu wamelala, na mitambo inaendelea kuzunguka. Mwaka 1978 ilianzishwa huko bei iliyoitwa Economy 7: saa saba za usiku kwa bei ya chini sana, na mchana kwa bei iliyopanda kidogo. Mita ilikuwa na hesabu mbili, ya usiku na ya mchana, na hita za akiba zilikuwa na waya zake za pekee zisizopata umeme nje ya saa hizo.

Ili mpango huo ufanye kazi, lazima kuwe na kitu kinachojua saa. Njia ya kwanza na rahisi ni saa yenyewe: taima iliyofungwa kando ya mita, inayofunga na kufungua kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme. Taima haibebi mzigo wa hita. Hupeleka mkondo mdogo tu kwenye koili ya kontakta, na kontakta ndiyo inayobeba mzigo mzito. Taima za zamani zilizunguka kwa umeme uleule, kwa hiyo kila umeme ulipokatika saa mbili, saa ya taima ilichelewa saa mbili, na hita ikaendelea kuwaka asubuhi mpaka fundi aje kuirekebisha.

Njia ya pili hutuma amri kupitia nyaya zilezile za umeme. Umeme wa kawaida hubadilika mara 50 kwa sekunde. Ufaransa iliongeza juu yake mawimbi madogo ya mara 175 kwa sekunde, yakipigwa kwa mpangilio maalumu. Kipokezi kilichokuwa ndani ya nyumba kilitambua mpangilio huo na kufunga kontakta ya tangi la maji ya moto. Mamilioni ya matangi ya Ufaransa yamepashwa joto hivyo usiku kwa miongo mingi, na kwa nchi yenye nyuklia nyingi, mpango huo umekuwa sehemu ya uti wa mgongo wa gridi. Njia ya tatu ni redio. Tangu miaka ya 1980 Uingereza ilituma amri hizo ndani ya matangazo ya BBC Radio 4 ya mawimbi marefu, kwenye kilohezi 198. Msikilizaji alisikia habari, na mita ya jirani ikasikia amri ya kuwasha hita. Huduma hiyo ilianza kuzimwa kwa awamu tarehe 30 Juni 2025, na nafasi yake kuchukuliwa na mita mahiri.

Afrika Mashariki haina baridi ya kupashia vyumba kwa matofali, lakini wazo la bei ya saa limeingia. Kenya kwa miaka mingi ilikuwa na kundi la bei la umeme unaoweza kukatwa saa za kilele, lililotumika hasa kwa hita za maji majumbani. Mwezi Desemba 2017 ikaanzisha punguzo la nusu bei kwa viwanda na biashara kubwa, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, na kwa saa nyingi zaidi mwisho wa wiki, kwa sharti kwamba mteja awe amevuka kwanza kiwango chake cha kawaida cha matumizi. Uganda imegawa siku mara tatu kwa wateja wake wakubwa: kilele ni saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku, kati ni mchana, na bei ya chini kabisa ni saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri. Mwenye kiwanda Jinja anayesaga usiku anaona tofauti kwenye ankara yake.

Bariadi, mkoani Simiyu nchini Tanzania, hakuna tofauti hiyo. Kwa bei zilizowekwa na mamlaka ya udhibiti, EWURA, mwaka 2016, mteja wa kawaida wa shirika la umeme, TANESCO, aliye kundi la T1, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, ndipo ifike ile shilingi 356 inayojulikana kila duka la LUKU. Mteja mdogo wa D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa 100 kabla ya kodi, yaani 122. Uniti ya saa mbili usiku na uniti ya saa tisa usiku zina bei moja.

Mita yenyewe isingeweza kufanya vingine. LUKU humuuzia mtu uniti kabla hajazitumia. Bei huamuliwa anaponunua, na anayenunua saa tano asubuhi anaweza kupigia pasi saa mbili usiku, wakati wa kilele, kwa uniti zilezile. Hata muda unaoonekana kuwamo ndani ya tokeni si saa ya kutozea. Kila tokeni ya tarakimu 20 hubeba, pamoja na idadi ya uniti, namba ya dakika iliyotolewa, ikihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita hutumia namba hiyo kukataa tokeni iliyokwisha kutumika. Nafasi ya namba hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu, na zilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu wateja wa Tanzania mwaka huo walitakiwa kuingiza makundi matatu ya tarakimu badala ya moja. Ili umeme wa usiku uuzwe kwa bei yake, inahitajika mita yenye saa ya kweli, inayokata shilingi badala ya uniti, au inayokata uniti kwa kasi tofauti kulingana na wakati. Hilo linawezekana kiufundi. Ni uamuzi wa bei ndio haujafanywa.

Je, ungekuwa uamuzi wa maana? Kwa upande wa mitambo ya kuzalisha, hoja ya Tanzania ni dhaifu kuliko ya Uingereza. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Ya kwanza iliingia kwenye gridi Februari 2024. Mashine ya maji hupunguzwa kwa dakika chache, na maji yasiyotumika usiku hubaki bwawani yakingoja jioni. Bwawa ndilo ghala, na ni ghala kubwa kuliko matofali ya nchi nzima. Tatizo huja bwawa likijaa. Mwanzoni mwa 2024, mvua ziliponyesha kwa wingi, baadhi ya vituo vya maji vilizimwa kwa sababu umeme ulikuwa umezidi mahitaji. Katika misimu kama hiyo uniti ya usiku haina gharama yoyote ya ziada kwa mzalishaji, na mteja bado anailipia 356.

Kwa upande wa nyaya, hoja inageuka, na hapa Simiyu ni mfano mzuri kuliko Dar es Salaam. Mkoa huo ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, na umeme wake uliendelea kutoka huko huko: kituo cha Ibadakuli, kisha laini za msongo wa kilovoti 33 zinazokwenda zaidi ya kilomita 100 kupitia Maswa hadi Bariadi na kuendelea. Waya mrefu hula umeme. Kinacholiwa hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu unaongezeka mara nne. Msongo nao hushuka kadiri mzigo unavyozidi, na mwisho wa laini mtu huona taa zimefifia, friji inanguruma bila kuwaka, na mota ya mashine ya kusaga inapata moto. Kuhamisha sehemu ya mzigo wa saa mbili usiku kuipeleka saa nane usiku kunapunguza mkondo pale ambapo mraba unauma zaidi. Faida hiyo haitokei kwenye ankara ya mtu yeyote, lakini ipo, katika kila kilomita ya waya.

Kituo cha kupoza umeme cha Imalilo, nje ya mji wa Bariadi, chenye laini ya kilovoti 220 kutoka Shinyanga, kimepangwa kuondoa ugonjwa huo kwenye mzizi: umeme uleule ukisafiri kwa msongo wa juu mara sita na zaidi, mkondo wake hupungua kwa kiasi hichohicho. Laini ndogo za kutoka Imalilo kwenda vijijini zitabaki na urefu wake, na hoja ya saa itabaki nazo.

Kuna mlango mmoja ambao wakati umeingia katika bei za Tanzania bila kuitwa wakati. Wateja wakubwa hawalipi uniti pekee. Hulipia pia kilele. Mteja wa T2, mwenye mashine za kukamua mafuta kwa mfano, hulipa shilingi 195 kwa uniti na shilingi 15,004 kwa kila kVA, kipimo cha ukubwa wa mzigo, ya kilele chake cha mwezi. Mita hukumbuka kipindi kimoja kifupi ambacho mzigo ulikuwa mkubwa kuliko vyote, na hicho ndicho kinachotozwa. Tuchukue kiwanda chenye mashine za kukamua za kVA 60 na mtambo wa baridi wa kVA 40. Vikiwaka pamoja hata mara moja, kilele ni 100 na malipo yake ni shilingi 1,500,400 kwa mwezi. Mtambo wa baridi ukifungiwa taima ili uwake mashine zikishazimwa, kilele ni 60 na malipo ni 900,240. Tofauti ni shilingi 600,160 kila mwezi, kabla ya kodi, bila kupunguza uniti hata moja. Taima na kontakta vya kufanya kazi hiyo hurudisha fedha zake haraka. Inasikitisha kwamba mwenye kiwanda hutazama uniti tu, na mstari wa kVA anaupita kama tozo nyingine isiyozuilika.

Kwa viwanda vya kuchambua pamba mstari huo ni mchungu zaidi. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na msimu wa ununuzi hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei. Viwanda vinachambua usiku na mchana kwa miezi michache, kisha kimya. Kanuni ya malipo husema kilele kinachotozwa ni kile cha mwezi huo au asilimia 75 ya kilele kikubwa cha miezi mitatu iliyotangulia, chochote kilicho kikubwa. Kiwanda cha kundi la T3 la msongo wa kati kilichofikisha kVA 400 kwenye msimu kitalipa shilingi 13,200 mara 400, yaani 5,280,000. Mwezi unaofuata, mashine zimesimama na mlinzi amebaki na taa ya getini, ankara bado itahesabu kVA 300: shilingi 3,960,000. Kwa hiyo kila kVA iliyozuiwa katika wiki ya pilikapilika inaokoa fedha mara nne. Njia ni kutowasha mota kubwa kwa wakati mmoja, kufunga kapasita za kurekebisha pawafakta, na kusukuma maji na kazi nyingine zinazoweza kungoja wakati mitambo ya kufunga marobota imesimama.

Kinachoweza kuwekwa Simiyu ni maji na baridi, na vyote viwili ni rahisi kuliko matofali. Maji ya moto yaanze. Lita 100 zikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 60 hula karibu uniti nne. Kipashio cha kilowati 2 hufanya kazi hiyo kwa saa mbili. Kwa mwezi hizo ni uniti 120, na nyumba ya D1 imeshavuka 75 zake. Nyumbani, basi, hakuna bei ya usiku ya kufukuzia. Tangi la jua la kupandisha kwenye paa ndilo jibu, jua la Bariadi likipasha na tangi likitunza, na umeme ukingoja siku za mawingu. Loji inayolipia kilele ni jambo tofauti. Shawa kumi za umeme za kilowati 5, zikifunguliwa na wageni saa kumi na mbili asubuhi, ni kilowati 50 kwa mpigo. Tangi moja kubwa lililopashwa usiku kwa kilowati 6 linawaogesha wageni walewale. Tangi hilo lifikishwe nyuzi 60, kwa sababu maji ya vuguvugu yanayokaa muda mrefu huzaa bakteria.

Baridi ina thamani kubwa zaidi, maana Simiyu ni nchi ya ng'ombe, na huko Mwanhuzi wilayani Meatu maziwa husindikwa kiwandani. Maziwa hutoka kwa ng'ombe yakiwa na joto la mwili na yanatakiwa kushuka hadi nyuzi 4 haraka. Yanakuja kwa mafungu mawili, asubuhi na jioni, na fungu la jioni linaangukia palepale kwenye kilele cha umeme. Benki ya barafu hutatua hilo. Ni tangi la maji lenye mabomba ya shaba au chuma yaliyojikunja ndani. Kompresa ndogo huwaka kuanzia saa nne usiku, na barafu huota kuzunguka mabomba, tabaka juu ya tabaka, hadi kitambuzi kiseme inatosha. Maziwa yakifika, pampu huzungusha maji ya nyuzi sifuri na kitu kupitia sahani za kupoozea, barafu inayeyuka, maziwa yanapoa. Lita 500 zinazoshuka kutoka nyuzi 35 hadi 4 huyeyusha karibu kilo 190 za barafu. Bila benki, ingehitajika kompresa kubwa mara kadhaa iwake wakati huohuo maziwa yanapomiminwa. Umeme ukikatika jioni, barafu ipo, na jenereta dogo la kuendesha pampu linatosha kuokoa maziwa ya siku.

Kusukuma maji mlimani nako ni akiba. Mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria kutoka Busega kwenda Bariadi, Itilima na baadaye Maswa na Meatu, unaogharamiwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, Ujerumani kupitia benki ya KfW na serikali ya Tanzania, utakuwa miongoni mwa mizigo mikubwa ya umeme mkoani. Mita 1,000 za ujazo zikipandishwa mita 100 zinahitaji uniti 272. Kwa pampu na mota zenye ufanisi wa asilimia 65 zinakuwa karibu 420. Tangi la kilimani likiwa na nafasi ya kutosha matumizi ya saa nne, pampu zinaweza kunyamaza tangu saa moja jioni hadi saa tano usiku na hakuna bomba litakalokauka. Nafasi hiyo ni zege tu, na zege haichoki kama betri.

Saa za umeme mwingi nazo hazitadumu kuwa za usiku. Kishapu, wilaya ya Shinyanga inayopakana na Simiyu, kuna mradi wa umeme wa jua uliopangwa kufikia megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa 50. Gridi ikijaa jua, umeme wa ziada utakuwa wa saa sita mchana, na taima zilizowekewa saa nane usiku zitahitaji kugeuzwa. Ndiyo sababu mfumo unaofungwa sasa uwe na taima inayoweza kupangwa upya bila fundi kubomoa ukuta.

Taima hiyo ichaguliwe kwa mambo mawili. Iwe na betri yake ya ndani, ili saa isipotee umeme unapokatika. Na iwe na ucheleweshaji: umeme ukirudi baada ya kukatika, kompresa, pampu na vipashio vyote vya mji hudai mzigo kwa pamoja, vikiwa vimekosa zamu yao, na laini iliyotoka kurudishwa huanguka tena. Kila kontakta isubiri dakika tano, nane au kumi na mbili kabla ya kufunga, kila moja muda wake, na kompresa isubiri zaidi ili gesi isawazike ndani ya mabomba kabla ya mota kuanza kusukuma.